Uvimbe wa Mbwa Ni wa Nani?

Swali ninalotaka tulijadili leo linaweza kuonekana dogo kuliko yale tuliyozoea kuyajadili hapa, ila naomba mnivumilie. Mbwa wako jana alilala mzima. Leo ameamka ana uvimbe chini ya taya, saizi ya limao. Hujui umetoka wapi. Haukuwepo, sasa upo. Je, una wajibu wa kujua ni kitu gani? Sijauliza kama una wajibu wa kumtibu, hilo tutalifikia. Nauliza hatua iliyo kabla ya hapo: kuna mtu yeyote anayedaiwa kujua?

Ninauliza nikiwa na Mkiwa kichwani. Wanaosafiri kati ya Dodoma na Singida wanaijua. Ipo wilaya ya Ikungi, na ndipo barabara ya kwenda Itigi, Rungwa na hatimaye Chunya na Mbeya inapochepuka kutoka barabara kuu. Ni njia panda, na njia panda yoyote ya Tanzania ina mbwa wa aina mbili. Wa kwanza ana mwenyewe: analinda mbuzi, anakwenda machungani na watoto, usiku anabwekea fisi. Wa pili ni wa stendi. Analala kwenye kivuli cha lori, anakula mifupa ya mchoma nyama, mama lishe anamfukuza asubuhi na kumtupia ukoko mchana. Kila mtu anamjua na hakuna anayemmiliki. Asili ya jina la kijiji ni habari nyingine, lakini kwa Kiswahili tunachozungumza sote, mkiwa ni yule aliyebaki peke yake, asiye na wa kumtazama. Kwa hiyo ukiniambia "mbwa wa Mkiwa ana uvimbe", mimi nasikia swali mara mbili.

Ukilipeleka swali hili kijiweni utapata majibu matatu, na nina hakika ndugu msomaji umeshayasikia. La kwanza: "Ni mbwa tu bwana, atajilamba atapona." La pili, mara nyingi la mtu aliyekaa mjini: "Mpeleke hospitali, hata kama ni laki ngapi, huyo ni mwanafamilia." La tatu: "Mmalize mapema, asije akawaambukiza watoto." Watu hugombana kana kwamba majibu haya yanapingana. Mimi naona yanafanana kwa jambo moja kubwa. Hakuna hata moja lililoanza kwa kuutazama uvimbe wenyewe. La kwanza limeshaamua kwamba ni kitu kidogo, la pili kwamba ni kikubwa, la tatu kwamba ni cha hatari. Wote wamejuaje?

Ebu basi tuutazame.

Uvimbe uliotokea ndani ya saa chache usoni, midomo imejaa na kope zimefunga, mara nyingi ni nyuki. Singida ni mkoa wa asali, na mbwa ni kiumbe anayejua dunia kwa pua. Pua hiyo anaipeleka hata penye mzinga. Uvimbe wa namna hiyo kwa kawaida hupungua wenyewe ndani ya siku moja au mbili, lakini mbwa akianza kuhema kwa shida hiyo ni dharura. Kama uvimbe unaongezeka kila saa, una maumivu makali na unavuja majimaji yenye damu, fikiria kifutu, nyoka mvivu anayelala njiani na kuuma anapokanyagwa. Kama mbwa alipigana wiki iliyopita na leo ana donge la moto linalouma, huenda ni jipu: jino la mwenzake lilipenya, ngozi ikafunga juu, usaha ukabaki chini. Mwiba nao hufanya vivyo hivyo, na mtu aliyewahi kuviona vichaka vya Itigi vilivyosongamana hahitaji kuelezwa mbwa wa mchungaji anaokota wapi mwiba.

Kama donge ni dogo na lina tundu katikati, ndani yake huenda kuna funza wa nzi. Kama sikio limejaa kama mto, ni damu iliyomwagika ndani yake kwa sababu ya kujikuna, na nyuma ya kujikuna kuna kupe au uchafu. Kama zimevimba tezi, ile mitoki ya chini ya taya na mapajani, na mbwa ana homa, anakonda, macho yameingia ukungu, basi ukumbuke kwamba barabara inayotoka hapo njia panda inaelekea kwenye mapori yenye ndorobo, na vimelea vya nagana havichagui ng'ombe peke yake. Kama mbwa ni mzee na donge ni laini, linateleza chini ya ngozi ukilisukuma, haliumi wala haliongezeki haraka, yawezekana ni mafuta tu na atakufa nalo bila kufa kwa sababu yake. Kama ni jike aliyezaa mara nyingi na ana vidonge vigumu kwenye matiti, hapo pana jambo: takriban nusu ya uvimbe wa matiti ya mbwa huwa ni saratani. Kisha kuna saratani ya ngozi ya mbwa ambayo inaweza kuonekana kama chunusi, ikavimba leo na kunywea kesho, mwenye mbwa akashukuru Mungu imepona, kumbe inapumzika.

Nimeorodhesha yote haya kwa sababu moja. Uvimbe unaotisha zaidi kwa macho, ule wa uso kuwa kama boga, unaweza kuwa umepita kesho jioni. Kijidonge kisichotisha chochote kinaweza kuwa ndicho kitakachomuua. Macho peke yake hayatoshi kuhukumu, na ukubwa haukwambii kitu. Anayesema "atapona" na anayesema "mmalize" wote wanabahatisha, ila wa kwanza anabahatisha kwa sauti ya upole.

Sasa turudi kwenye majibu yetu, moja moja.

"Ni mbwa tu." Neno hili "tu" limefanya kazi kubwa katika historia ya fikra. Mfaransa Descartes, karne ya 17, aliwaona wanyama kama mashine zilizoundwa vizuri. Mjerumani Kant, karne iliyofuata, hakufika huko, ila alisema hatuna wajibu kwa mnyama mwenyewe; wajibu wetu ni kwa binadamu. Cha ajabu ni mfano aliouchagua katika mihadhara yake ya maadili. Aliwazungumzia watu wanaompiga risasi mbwa aliyewatumikia kwa uaminifu mpaka akazeeka na hawezi kazi tena. Kwa Kant, mtu huyo hajamkosea mbwa, kwa kuwa mbwa hawezi kuhukumu, lakini amejikosea yeye mwenyewe, ameua utu ulio ndani yake, na mkono uliozoea ukatili kwa mnyama hautachelewa kuuhamishia kwa mtu. Mwingereza Bentham, katika kitabu chake cha mwaka 1789, akaligeuza swali: tuache kuuliza kama wanyama wanafikiri au wanasema, tuulize kama wanaumia.

Mimi nadhani mzee yeyote wa Mkiwa angeweza kuwajibu wote watatu bila kusoma hata kurasa moja. Tubuni mzee mmoja wa mfano, mwenye mbuzi kumi na wanne na mbwa mmoja. Miaka saba mbwa huyu amelala nje. Mbwa hakulipwa mshahara. Alilipwa ugali uliobaki na pumba. Siku akipata donge, mzee akasema "ni mbwa tu", kuna kitu hakikai sawa katika hesabu yake, na hakihitaji Descartes kukiona. Usiku fisi alipokuja, hakuwa mbwa tu. Alikuwa zizi, alikuwa mlango, alikuwa sikio la nyumba nzima. Huwezi kumhesabu kuwa mlinzi usiku na kuwa takataka asubuhi. Anayepokea huduma amejifunga tayari, hata kama hakuna mkataba uliowekwa dole gumba.

Wapo watakaosema hiyo ni mizungu ya Wazungu, mbwa kwetu ni najisi na mambo yameisha. Hayajaisha. Ni kweli kwamba madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanayafuata, yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na kuosha kwake ni mara saba, moja kwa udongo. Ila hebu sikiliza hukumu hiyo inasema nini hasa. Inakufundisha namna ya kujitoharisha baada ya kumgusa. Haisemi mwache anayeumia. Na mapokeo hayo hayo yana simulizi mashuhuri ya mtu aliyemkuta mbwa anakufa kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji kiatuni, akamnywesha, na kwa hilo akasamehewa. Upande wa Biblia, kitabu cha Mithali kinamtambulisha mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake. Tusizitumie dini kama kisingizio cha kutoinama.

Jibu la pili: mpeleke hospitali kwa gharama yoyote. Hili nalipinga kwa upole zaidi, maana lina moyo. Lakini jamani, tuwe wakweli. Mtu anayeishi kwa alizeti ya msimu mmoja na mbuzi wachache, mvua ikikata hana kitu. Mtoto wake akiumwa anampeleka Hospitali ya Mtakatifu Gaspar pale Itigi na anauza mbuzi ili alipe. Ukimwambia mtu huyu kwamba asipomfanyia mbwa upasuaji ni katili, umemtwika aibu ambayo si yake. Kumkata mbwa uvimbe kunahitaji daktari, dawa ya usingizi, nyuzi, dawa za kuua vijidudu na siku za kumlinda asijilambe, na uwezo wa namna hiyo umekusanyika zaidi mijini na kule Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, wanakofundishwa madaktari wa mifugo. Maadili yanayoweza kutekelezwa na mwenye gari peke yake yana kasoro mahali fulani. Wajibu lazima uanzie mahali ambapo maskini naye anaweza kusimama.

Ndiyo maana nimelitenganisha swali tangu mwanzo. Kutibu kuna bei. Kujua nako kuna bei, ila ni ndogo zaidi, na hatua zake za kwanza ni bure. Kumshika mbwa, kumwita jina, kupapasa uvimbe kwa vidole: ni wa moto au wa baridi? Unateleza au umeshikamana? Akiguswa anajikunja? Kuna tundu, kidonda, mwiba? Upo mmoja au upo na upande wa pili? Kuupima kwa kitu, punje ya hindi, limao, yai, na kuupima tena baada ya siku tatu. Kupiga picha kwa simu na kumtumia ofisa mifugo wa kata. Akipatikana mtaalamu mwenye sindano nyembamba, anachoma uvimbe, ananyonya chembe chache, anazipaka kwenye kioo na kuziangalia kwa hadubini. Kazi ya dakika chache, bila kumlaza mbwa. Hata pale ambapo sindano haipo, zile hatua za mkono na jicho zipo, na hakuna umaskini unaozizuia.

Hapa ndipo pingamizi zito linapokuja, na nalisikia likisemwa na watu wenye akili zao: "Kujua bila uwezo ni mateso. Nikijua ni saratani na sina hela, nimepata nini? Afadhali nisijue." Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, nami sitalidharau. Hata kwa binadamu tunafanya hivyo. Wangapi wanakwepa kipimo kwa hofu ya jibu? Wahenga walishatuonya kwamba mficha maradhi kifo humfichua, lakini wahenga walikuwa wanamsema anayeficha ugonjwa wake mwenyewe. Mimi nikificha wangu, nalipa mimi. Nikikataa kuujua ugonjwa wa mbwa wangu, amani inabaki kwangu na maumivu yanabaki kwake. Hiyo ni biashara ya upande mmoja. Naye hawezi kuja kunishtaki kwa mjumbe.

Tena si kweli kwamba kujua bila hela hakubadilishi kitu. Ukijua ni nyuki, unamwacha apumzike kivulini na maji, huchomi chuma cha moto juu ya uso wa mnyama kwa ajili ya kitu kitakachopita kesho. Ukijua ni jipu, unalikanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na linapoiva anayejua analifungua na kulisafisha. Ukijua ni funza, unamtoa. Ukijua ni mafuta, unaacha. Ukijua ni nagana, unamtafutia dawa mapema kabla hajaisha. Na ukijua ni saratani isiyo na njia, unaacha kumchosha kwa safari za machungani, unamlaza pakavu, unajiandaa kwa siku ya mwisho. Kujua kunakuzuia pia kumdhuru kwa nia njema. Watu humpa mbwa vidonge vya maumivu vya kwao wenyewe, ibuprofeni na diklofenaki, wakiamini wanamsaidia. Dawa hizo humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Huruma ya namna hiyo ingekuwa heri ikauliza kwanza.

Jibu la tatu, "mmalize", ndilo linalonitisha, kwa sababu mara nyingine ni sahihi. Kuna mbwa ambaye kumwacha aendelee kuishi ni ukatili. Wasomaji wa riwaya watakumbuka *Disgrace* ya J. M. Coetzee, iliyotoka 1999, ambamo mhadhiri aliyeanguka anaishia kusaidia katika kliniki ndogo ya wanyama ambapo kazi kubwa ni kuwaua mbwa wasiotakiwa. Anachofanya mtu yule ambacho hakina faida kwa yeyote ni kuwapeleka mwenyewe maiti wa mbwa kwenye tanuru, ili wasipigwepigwe kwa majembe na wafanyakazi waingie vizuri motoni. Ukikisoma kitabu kile hutoki ukiamini kwamba kuua mbwa ni kosa siku zote. Unatoka ukijua kwamba kuna namna ya kuua inayomtazama anayeuawa, na kuna namna ya kuua ili usimtazame.

Tofauti hiyo ndiyo hoja yangu. Kumaliza maumivu ni jambo moja, kumaliza usumbufu ni jingine, na ukiwa hujui uvimbe ni nini huwezi kujua unafanya lipi kati ya hayo mawili. Anayemuua mbwa kwa ajili ya sumu ya nyuki amemuua bure. Sumu kwenye kipande cha nyama, kamba, mawe: hizo ni njia za kutomtazama. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama, lakini sheria haiwezi kukaa kila uani usiku. Kinachoweza kukaa huko ni desturi kwamba kabla ya kuua mtu aulize, na akishaua awe ametumia njia ya haraka mikononi mwa anayeijua.

Nimebakiza aina moja ya uvimbe, na nimeibakiza makusudi. Ni ile saratani inayoota kwenye sehemu za siri za mbwa, dume kwa jike, mfano wa koliflawa, nyekundu, inatoa damu. Mara nyingine huota puani au mdomoni. Mahali popote mbwa wanapozurura na kupandana wapendavyo, ipo, na kwetu ipo. Ukiiona kwa mbwa wa stendi utamsikia mtu akitema mate pembeni na kusema mbwa kalaaniwa, au kafanyiwa kitu.

Ukweli wake unashangaza kuliko uchawi. Ugonjwa huu hauletwi na kirusi. Chembe za saratani zenyewe ndizo zinazohama, kutoka mbwa mmoja hadi mwingine wakati wa kupandana au kulambana, zinashika mwilini kwa mwenyeji mpya na kuota. Mrusi Novinsky alionyesha katika miaka ya 1870 kwamba uvimbe huu unaweza kupandikizwa kutoka mbwa mmoja hadi mwingine, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2006 ulithibitisha kwamba chembe za uvimbe si za mbwa aliye nao. Ni za mbwa mmoja wa kale. Utafiti mwingine wa 2019 ulikadiria kwamba mbwa huyo wa kwanza aliishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Alikufa kabla ya karibu kila kitu tunachokiita historia, lakini saratani yake haikufa naye. Imepita mwili kwa mwili, bara kwa bara, hadi stendi zetu.

Sasa niambie, uvimbe huo ni wa nani? Si wa mbwa aliye nao. Kwa maana halisi kabisa ya mwili, ni wa mbwa mwingine. Aliyempa hana mwenyewe. Aliyempa yule naye alipewa. Ukimfuata mmiliki ili umbebeshe lawama utafuata mpaka ufike kwa watu wasio na jina waliofuga mbwa maelfu ya miaka iliyopita. Na hapo ndipo jibu la "kila mtu na mbwa wake" linapovunjika. Mbwa wa mzee wa mbuzi kumi na wanne anapandana na mbwa wa stendi, wa stendi anapandana na wa jirani, na uvimbe hauulizi nani ana mwenyewe na nani hana. Kuna uvimbe ambao ni wa kijiji.

Kisha lipo hili, ambalo ningependa lifike mbali kuliko yote niliyosema: saratani hiyo inayochukiza macho ni miongoni mwa zinazotibika vizuri zaidi. Dawa yake, vinkristini, hutolewa kwa sindano ya mshipa mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na mbwa wengi hupona kabisa. Inatakiwa mtaalamu aishike, maana ni dawa kali, na gharama ipo. Lakini fikiria ni mbwa wangapi wamepigwa mawe kwa kuonekana wamelaaniwa, kumbe walikuwa na ugonjwa ambao daktari angefurahi kuukuta.

Kabla sijamaliza, tahadhari, maana sitaki mtu aumwe kwa sababu ya insha. Mbwa mwenye maumivu huuma hata anayempenda. Mfunge mdomo kwa kitambaa kabla ya kupapasa, ila usimfunge kama anatapika au anahema kwa shida. Na mbwa aliyeangusha taya, anayedondosha mate, anayeshindwa kumeza na kubadilika tabia, usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwama mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishaanza karibu kila anayeupata hufa, mtu kwa mnyama. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ya mbwa ni jambo la kila mwaka. Hata hapa utaona mambo ni yale yale: anayewachanja mbwa wa stendi anawakinga watoto wa kila nyumba.

Basi nani anadaiwa? Jibu langu ni hili. Anayepokea huduma ya mbwa anadaiwa kumtazama. Mwenye mbuzi anadaiwa kwa sababu ya zizi lake. Na mbwa wa stendi je, yule asiye na mwenyewe? Yeye anawadai wengi: mchoma nyama ambaye mifupa yake inaondolewa bila kulipa mtu, mwenye duka ambaye usiku mlango wake unabwekewa, dereva na utingo wanaolala kwenye lori wakijua akija mgeni watasikia. Deni likigawanywa kwa watu wengi linakuwa dogo, na dogo hilo ndilo linalosahaulika kwa urahisi, kwa kuwa kila mmoja anadhani mwenzake ameshalipa. Mmoja akipiga picha, wa pili akampigia ofisa mifugo, wa tatu akachangia elfu mbili, uvimbe ule umeshapata jina. Wakishajua ni nini, ndipo waanze kubishana juu ya hela na juu ya huruma. Nitakuwa tayari kuwasikiliza wote, hata yule wa "mmalize", mradi kwanza awe ameinama akaugusa.